Medali ya Mfalme kwenye Mizani ya Shemeji

Kuna watu wanakusanya saa, wengine viatu. Mimi, mwalimu wa historia hapa Bukavu, nakusanya medali za kumbukumbu za Waingereza, za zama za wafalme wa koo za Tudor na Stuart, zile walizotengeneza mfalme akitawazwa, akioa au akifa. Mke wangu huniuliza kama huyo mufalme wangu anaweza kushuka ziwani kutuchotea maji, maana bomba letu la mtaa wa Muhumba limekauka tena.

Hata kusema "nakusanya" ni kujisifu. Miaka yote hii nimepata nne, na tatu ni nakala za juzi tu. Ya nne niliitoa soko la Kadutu, kwenye kopo la maman mmoja anayeuza kufuli kuukuu: ndogo, ya madini ya fedha, nyeusi tii, yenye uso wa yule mfalme ambaye watu wake wenyewe walimkata kichwa. Nilitaka jambo moja tu, kujua kama ni ya kweli.

Nikamwandikia mzee mmoja Mwingereza, mkusanyaji wa siku nyingi tunayeandikiana naye kwa simu. Akasema nimpe kwanza uzito wake kamili, gramu na vipande vya gramu. Mizani ya namna hiyo anayo nani hapa, kama si wanunuzi wa dhahabu? Kaka wa mke wangu ananunua dhahabu ya machimbo ya Luhwindja. Nikampelekea asubuhi, nikamwambia anipimie kwa ajili ya yule Mwingereza, nikakimbilia shule kusimamia mtihani.

Hapo ndipo ninapojikasirikia. Kazi ya mtu yule naijua. Wachimbaji huleta dhahabu na mchanga, na zebaki, na ujanja wao, kwa hiyo kwake kila kitu huchomwa na kuoshwa ndipo kipandishwe kwenye mizani. Kupima uchafu ni kazi ya mwizi, na shemeji si mwizi.

Niliporudi mchana, medali ilikuwa juu ya karatasi, inang'aa kama kijiko kipya. Ameichoma, ameizamisha kwenye asidi ya betri, ameisugua kwa brosi ya waya. Pua ya mfalme ilikuwa imelala. Weusi wote uliokaa ndani ya herufi, sijui karne ngapi, ulikuwa umemwagwa na maji ya kuoshea.

"Nimekutolea uchafu yote," akaniambia. "Sasa uzito hii iko ya haki. Hakuna mutu atakuibia."

Nilitaka kupiga kelele. Lakini alikuwa amewaacha wateja wake mlangoni kwa ajili yangu, na tarakimu ameziandika kwa mwandiko wake mzuri kabisa. Nikashukuru. Njiani nilitukana peke yangu mpaka waendesha pikipiki wakageuka kunitazama.

Jioni nikatuma uzito. Mzee akajibu kwamba unalingana na wa medali ya kweli, ila ziko nakala zenye uzito uleule, basi nimpigie picha ya herufi kwa karibu. Weusi wa zamani uliomo ndani yake ndio utakaosema kweli. Sikumjibu. Hata leo sijamjibu.

Jumapili baada ya misa shemeji alikuja kula kwetu. Kabla hajanawa mikono, akaniuliza muzungu wangu amesema nini.

"Amefurahi sana, shemeji," nikamwambia. "Anasema iko ya kweli."