Manyoya wa Kwenye Ngolo

Robota la mitumba likikatwa kamba, ile harufu ya dawa na vumbi la mbali inanirudisha kijijini kwetu Maguu, kwenye kitabu changu cha picha za giza. Tulikuwa tumekwenda gulioni na mama kununua sweta, mwenye mitumba akakikuta katikati ya nguo. "Kichukue, binti, hiyo nyongeza yako," akasema. Nani mwingine angekitaka?

Maneno ya kitabu yalikuwa ya Kizungu, kwa hiyo mama alinisimulia picha tu. Mtoto amekaa katika nyumba nyeusi, baba na mama yake wamepeana migongo, na kando yake limesimama dude lenye manyoya ambalo analiona yeye peke yake. Niliogopa kukifungua, nikaogopa zaidi kukifunga. Mwishowe nikajitafutia dude langu, nikamwita Manyoya, nikampa makao kwenye ngolo, yale mashimo tunayolimia mlimani kwetu.

Baba alikuwa ameteremka ziwani. Wanunuzi binafsi walikuwa wameingia, bei ya kahawa ikayumba, naye akasema anakwenda kujaribu dagaa. Aliahidi kurudi kabla ya kukata majani. Kwetu mwanamume ndiye hukata majani ya shamba na kuyapanga miraba. Mwanamke huchimba mashimo katikati ya miraba, akayafukia majani kwa udongo, kisha akapanda maharage. Mvua zilikaribia kwisha, majirani walishapanda, na majani yetu yalinifika kifuani. Bila maharage tungekula nini? Wakimuuliza mama, aliwajibu, "Yuko njiani." Mimi kila siku nilikwenda shimoni kumwomba Manyoya.

Asubuhi moja nikakuta shamba limefyekwa, majani yamelazwa miraba, mingine imepinda kama kazi ya mlevi. Nilirudi mbio. "Mama, Manyoya ametukatia majani!"

Mama alikuwa jikoni akikanda viganja kwa maji ya moto.

"Basi mshukuru," akasema. "Na mtu akikuuliza, sema baba alikuja akaondoka."

Nilimshukuru kweli, hata kiazi changu nikampelekea. Majirani nao niliwaambia habari za baba, wakatazamana. Maharage tulipata mwaka ule. Baba hatukumpata.

Sasa nimempita umri mama wa siku ile, na nimefyeka vya kutosha kujua viganja hukandwa kwa nini. Natamani mno kurudi jikoni pale niishike ile mikono. Shukrani zake zote nilizipeleka shimoni.