Kitabu cha simu kilichopeleka msiba nyumba isiyohusika

Saa tatu asubuhi, Hosiana Ngusa anabonyeza namba ya mtu wa mia moja na tisa kwenye orodha yake, kisha anasubiri. Mashine ya kopi ameizima. Mteja aliyekuja kutoa kopi ya kitambulisho ameombwa akae kwenye benchi.

"Wangaluka mayu," anasalimu kwa Kisukuma simu inapopokelewa, halafu anarudi kwenye Kiswahili. "Shikamoo. Usishtuke, hakuna baya lolote. Naomba tu unitajie jina la kijana wako aliye huku machimboni."

Anasikiliza, anatazama daftari, anaweka alama ya vema kwa kalamu nyekundu. "Hakuna baya, mama," anarudia. "Yuko mzima."

Hosiana ana miaka 34. Kwa miaka tisa amekuwa akichapa barua na fomu za watu katika duka lake dogo la steshenari hapa Nyarugusu, mkoani Geita. Hadi mwezi uliopita, anasema, hakujua kwamba kazi ya kukaa kwenye kiti inaweza kuumiza mtu.

Kazi yenyewe aliletewa na Benjamini Davis, katibu wa kikundi cha wachimbaji wadogo. Wachimbaji hao wametoka kila pembe ya nchi, na wengi hujulikana kwa majina ya utani tu. Mmoja akiumia, wenzake hawajui wampigie nani. Kikundi kikataka kitabu chenye jina la kila mtu, duara, yaani shimo, analochimba, na simu ya nyumbani kwao. Watu 212.

Hosiana aliingiza majina yote kwenye jedwali la kompyuta. Kisha akatengeneza mfano wa ukurasa wenye nafasi zilizo wazi, ili programu ivute jina na namba kutoka kwenye jedwali na kuzijaza yenyewe. "Mara ya kwanza kila mtu alitoka na ukurasa wake peke yake, kama barua," anakumbuka. "Nikarekebisha, wakafuatana vizuri, kumi na wawili kila ukurasa. Nilifurahi kweli."

Siku ya kuchapisha, Benjamini aliomba majina yapangwe kwa alfabeti. Duka lilikuwa limejaa. Hosiana akachagua safu ya majina peke yake, akaamuru ipangwe.

"Kompyuta iliniuliza swali, kama ipange safu hiyo peke yake," anasema. "Nikabonyeza ndiyo bila kulisoma."

Majina yalihama. Namba za simu zilibaki palepale. Nakala arobaini zikatoka, safi, zenye jalada la bluu, na hakuna aliyezikagua.

Wiki tatu baadaye, baada ya mvua ya siku mbili, duara moja lilibomoka. Mchana huo Donatus, baba wa watoto watatu, alitolewa akiwa amekufa. Benjamini alifungua kitabu na kupiga namba iliyoandikwa mbele ya jina lake.

"Habari kama ile huitamki moja kwa moja," anaeleza Benjamini. "Nikauliza, mna kijana wenu huku Nyarugusu? Wakasema ndiyo. Nikawaambia jikazeni, duara limemwangukia. Jina sikulitaja. Nilisikia mama akipiga yowe, simu ikakatika."

Yowe hilo lilipigwa Didia, Shinyanga, katika familia ya kijana aitwaye Maige. Waliangua kilio, wakafunga turubai, wakaita ndugu. Kila walipompigia Maige hakupatikana. Simu yake ilikuwa imeisha chaji.

Kesho yake asubuhi, gari dogo la mizigo lilisimama mbele ya ofisi ya kikundi likiwa na jeneza nyuma. Maige alikuwa ng'ambo ya barabara akinywa chai. Alimtambua baba yake mdogo, akamfuata.

"Shikamoo baba," alisema. "Jeneza la nani hilo?"

Mzee yule alikaa chini, pale pale kwenye tope.

Nyahanga, mjini Kahama, mke wa Donatus, Rhoda, alikuwa hajui lolote. Alipata habari jioni ile, siku nzima baada ya kifo, kutoka kwa mfanyabiashara aliyepita njia.

Benjamini alijilaumu. Alikwenda dukani kwa Hosiana akisema alikosea kubonyeza namba. Hosiana akafungua daftari lililoandikwa kwa mkono, alimotoa majina, na kulilinganisha na kitabu. "Mstari wa kwanza si wenyewe. Wa pili si wenyewe. Nilitafuta wenye namba sahihi nikawapata wawili."

Angeweza kunyamaza. Katibu alikuwa tayari ameubeba mzigo.

"Nikamwambia, kaka Benja, hukukosea wewe. Ni mimi. Na si Donatus peke yake, ni kitabu kizima."

"Kwa hiyo wote tungewapelekea misiba ya wenzao?" Benjamini aliuliza.

Hosiana alizunguka machimboni siku tatu akikusanya nakala, akapata 38. Mbili hazijulikani zilipo, na hizo, anasema, ndizo zinazomwamsha usingizini. Kisha akapanda basi hadi Nyahanga.

Rhoda alimsikiliza hadi mwisho. "Siku ile nzima nilikuwa namfulia mashati yake," alimjibu. "Nilikuwa naimba. Sasa watoto wananiuliza, mama, ulikuwa unaimba baba akiwa amekufa? Niwaambie nini?"

Hosiana aliondoka bila kuambiwa amesamehewa.

Kitabu kipya hakitachapishwa hadi kila nyumba iwe imetaja jina la mtu wake kwa mdomo wake. Vikundi vingine viwili vimemtaka avifanyie kazi hiyohiyo, amevijibu visubiri.

Kwanza ana safari. Juma lililopita Rhoda alimpigia mwenyewe. Ibada ya arobaini ya Donatus itakuwa Januari.

"Aliniambia njoo, ukawaeleze watoto wewe mwenyewe kwa nini mama yao alikuwa anaimba," anasema Hosiana. "Naogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Lakini nitakwenda."