Wimbo wa Baba Yangu, Nimeusikia kwa Bendi Isiyoimba

Ndugu zangu wa ukurasa huu, naomba jina langu libaki kwa admin, maana mji wetu ni mdogo na mama yangu anajulikana sokoni. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na minne, nimeolewa, nina watoto wawili, naishi Kamembe, upande wa Rwanda, ng'ambo tu ya Bukavu ya Kongo. Haya ninayoandika sijamwambia mama, hata dada yangu sijamwambia.

Mume wangu, nimuite Papa Nadia ingawa si jina lake, alikulia Bukavu, wazazi wake wakarudi Rwanda. Ni fundi wa spika na mikrofoni. Tangu mwaka jana akawa kila Jumamosi anavuka mpaka kwenda kuweka sauti kwa bendi moja ya huko. Nikamuuliza ni bendi gani hiyo. Akaniambia ni wanaume wanne, magitaa na ngoma, na hakuna anayeimba.

"Muziki gani hauna hata neno moja?" nikamuuliza.

"Wanauita post-rock. Njo vile, unasikiliza tu."

Sisi huku tumezoea rumba, mtu anakulilia mapenzi yake hadharani na wewe unajua kilichompata. Nikaona huyu ananidanganya, kuna mwanamke. Nikamwambia Jumamosi inayofuata tunaenda wote. Akasita. Akasema ukumbi una joto, watoto nitamwachia nani. Kule kusita kukanifanya niende hata kama ningeenda kwa miguu.

Tulifika alasiri, ukumbi wa shule, viti vya mbao. Mwanamke niliyemtafuta sikumwona. Kulikuwa na vijana wa chuo tu, wamekaa kimya kama wako msibani. Gitaa moja likaanza kurudia sauti chache, pole pole, la pili likaingia, ngoma ikafuata kwa chini, na kila kitu kikawa kinapanda mpaka benchi likatetemeka chini yangu. Halafu vyote vikashuka, unasikia watu wanapumua. Sitawadanganya, muziki ule ulinishika. Nikamwonea mume wangu huruma kwa vile nilivyomdhania.

Kisha yule mkubwa wao, mwanaume mwenye mvi kwenye ndevu, akaanza wimbo mwingine peke yake. Kabla hajafika katikati nikajua kinachofuata.

Ulikuwa wimbo wa baba yangu.

Baba alikuwa fundi cherehani hapa Kamembe, na kwenye arusi zetu za Waislamu ndiye aliyekuwa anaitwa na gitaa lake. Ila wimbo huu hakuupiga arusini. Aliupiga nyumbani tu, akishamaliza kushona. Mama alikuwa anamwomba autilie maneno, naye anasema maneno yatauharibu. Haukurekodiwa popote. Wakati wa vita vya Kongo alivuka kwenda Bukavu kuchukua vitambaa, hakurudi tena. Nilikuwa na miaka minane. Hatukupata maiti, hatukupata habari, na mama hajakaa eda mpaka leo. Wanaume wamekuja kumposa, anawajibu, "Mimi niko muke wa muntu."

Walipomaliza nikamfuata yule mpiga gitaa. Nilisema kwa heshima.

"Papa, ule wimbo wa mwisho mulitoa wapi?"

"Ni yangu, Maman. Ilitoka mu kichwa tu."

"Mimi naujua. Baba yangu alikuwa anaupiga. Alikuwa fundi cherehani, Kamembe."

Akaacha kukunja waya. Akaniangalia usoni, akasema kwa sauti ya chini, "Ule mwenye alikuwa anapiga na mukono wa kushoto?"

Ndugu zangu, baba alikuwa wa kushoto kweli. Lakini mimi sikuwa nimesema.

Nadhani na yeye alishtukia alichosema. Akafunga gitaa lake, akasema gari linamngoja, akatoka. Waya zake akaziacha pale chini.

Tukavuka daraja kurudi. Nikamuuliza mume wangu, "Huyu mtu wakati wa vita alikuwa wapi?" Akasema hajui. Nikamuuliza tena. Akasema, "Alibebaka bunduki. Balimukamata akiwa kijana, bakamupeleka mu vita, kama batoto wengi. Hapendi kuongea ile mambo." Nikamuuliza tangu lini anajua. Akaongeza mwendo.

Tangu siku hiyo simu ya mume wangu ikiita anatoka nje. Nikimuuliza anasema ni kazi. Ananiambia nyimbo zinafanana, au labda yule mtu alimwona baba arusini zamani. Lakini arusini baba hakuupiga. Na kama alimwona tu, kwa nini aseme umetoka kichwani mwake? Wakati mwingine najiambia labda alikaa na baba mahali pabaya, baba akamfundisha kwa wema, na yeye akashindwa kumwokoa. Wakati mwingine nawaza mengine, nashindwa kula.

Sasa bendi hiyo inakuja kupiga hapa Kamembe mwisho wa mwezi. Juzi mume wangu aliniambia, bila mimi kumuuliza, kwamba ule wimbo hawataupiga huku. Nikamuuliza nani ameamua. Akasema, "Ni yeye. Na amesema usilete mama yako. Kama unanipenda, usimulete."

Mama sikumtaja kwa mtu yule hata mara moja. Mume wangu ameapa kwamba na yeye hakumtaja.

Mama ana miaka zaidi ya sitini na presha inamsumbua. Jana nilikuwa kwake, anafua kanzu ya baba, anaianika, kama afanyavyo kila ikikaribia Idi. Nikamshikia vibanio, nikarudi kwangu. Nikimpeleka, naweza kumpa ukweli au kumuua. Nikinyamaza, nalala na mume ambaye sijui anamlinda nani.

Nishaurini, ninyi mliopitia haya. Nimsimamishe mama mbele ya mtu huyu amuulize mwenyewe, au nimwache aendelee kumngoja mume wake?