Bendera ya Njano ni Hodi

Ulikuwa mwaka ambao wanunuzi wa parachichi walituacha solemba. Hapa Njombe tulikula parachichi na ugali, parachichi na viazi, parachichi na parachichi. Mbwa wangu alinenepa mpaka akaacha kubweka. Mgeni akija anamtazama tu.

Ndipo mjukuu wangu wa kike, anayesomea ubaharia Dar es Salaam, akaja likizo kwangu hapa Mjimwema ya Njombe na kadi ya mahafali yake. Kadi moja, mgeni mmoja. Na bibi tuko wawili: mimi niliyemzaa baba yake, na yule wa Makambako aliyemzaa mama yake. Sote wawili hatujawahi kuiona bahari, na kila mmoja alishaanza kupiga pasi nguo.

Mtoto hakutaka kumuudhi mtu. Akasema, "Siku ile meli itapandisha bendera za ishara. Atakayejua kuzisoma ndiye aje. Nitawapima nyote wawili kule Makambako. Kadi tunza wewe, bibi, mpaka mshindi apatikane."

Nikaitia kifuani.

Mimi niliishia darasa la tatu, lakini vitambaa navijua. Alishona bendera kwa mabaki ya mitumba, akawa ananionyesha jikoni huku namenya viazi. Nyekundu tupu: nimebeba vitu vya hatari.

"Huyo babu yako akitoka kunywa ulanzi."

Njano, bluu, njano: kaa mbali nami, nageuka kwa shida.

"Huyo mimi nikiinuka kwenye kigoda."

Nyeupe iliyopigwa X nyekundu: nahitaji msaada.

"Hiyo naijua tangu zamani, lilikuwa daftari langu la hesabu."

Alicheka mpaka akaangusha sufuria. "Bibi, kule hawatakuuliza habari za babu!"

"Wasiulize. Nitawaambia mwenyewe."

Ya njano tupu ndiyo niliyoipenda. Maana yake, chombo changu hakina ugonjwa, naomba ruhusa niingie bandarini. Nikamwambia, "Mbona hiyo ni hodi! Hilo nalo mnalisomea miaka?"

Siku ya kupimwa tukapanda basi. Mkwe mwenzangu tulimkuta amekaa uani na kitenge chake cha Pasaka, midomo inachezacheza kwa kukariri. Mjukuu akasimama juu ya jiwe, upepo wa Makambako unampeperusha kama shati kwenye kamba, akawa ananyanyua bendera moja moja. Yule anajibu, mimi najibu. Tukaenda sawa mpaka ya mwisho, ile ya njano.

Mwenzangu akaimba, "Chombo changu hakina ugonjwa, naomba ruhusa niingie bandarini!"

Mimi nikasema, "Karibu mwanangu, pita ndani!" Nikaingia jikoni kubandika chai.

"Mkwe mwenzangu! Jikoni kwangu unatafuta nini?"

"Mtu amepiga hodi, wewe umekaa tu."

"Hodi ya nani? Hicho ni kitambaa! Nimeyasema maneno yote."

"Umeyasema. Na chai je?"

Mjukuu akashuka kwenye jiwe, macho chini. "Bibi, mshindi ni bibi wa Makambako. Kule ukijibu vibaya meli zinagongana. Naomba kadi."

Nilimtazama. Huyu nimemlea mgongoni, baridi ya Juni, pua inamtiririka kwenye shingo yangu. Akishuka kwenye hiyo meli nataka sura ya kwanza aione yangu. Mengine wajuane wenye meli.

"Kadi siitoi," nikasema.

Mwenzangu akasimama. "Si ulikubali kupimwa?"

"Nimepimwa."

"Na umeshindwa!"

"Bendera zimenishinda. Kwenda hakujanishinda."

Akaniletea jogoo, yule mkubwa, ameshafungwa miguu. Jogoo akanitazama, mimi nikamtazama. Akasema ataongeza na debe la mahindi. Mjukuu naye alikuwa ameshajifunika bendera usoni, mabega yanamtetemeka, sijui analia, sijui anacheka. Mwenzangu alipoona jogoo hajanitikisa, akanyoosha mkono kifuani kwangu. Nikaubana kwa kiwiko, nikarudia taratibu ili hata jirani asikie:

"Kadi siitoi."