Hakuna Shida Si Kibali

Kuna siku moja naikumbuka kuliko zote, mwanangu, na si kwa uzuri wake. Ungeniacha ninywe chai yangu nisingekuambia. Lakini umeingia hapa ukiwa na furaha, ukanieleza vile vijana wa kanisa mmepata uwanja wa kuimbia hapo mtaa wa Pioneer, mmekodi spika, mmebandika matangazo mpaka kwa nguzo za stima. Nikakuuliza kibali kiko wapi. Ukacheka, ukasema, "Mama, relax. Kuna cousin yangu hapo kaunti, ashasema hakuna shida."

Maneno hayo mawili yamenifanya niweke kikombe chini. Sasa weka simu mfukoni unisikilize, maana sitarudia.

Nilikuwa msichana wa rika lako, naishi na dada yangu Nekesa na mume wake Barasa katika chumba kimoja kule mtaa wa West Indies. Eldoret haikuwa imeitwa city, ilikuwa manispaa tu. Barasa alikuwa fundi wa mjengo, mtu wa vicheko, hajui kuingia nyumbani bila kuimba. Asubuhi moja mbao za jukwaa zilivunjika akiwa juu, akaanguka, na hakuamka tena. Dada yangu alikuwa na mimba kubwa, tumbo limeshashuka, na nesi alikuwa amemkataza kabisa safari ya gari. Barabara ya kwetu ilikuwa mashimo matupu, ingemzalisha njiani.

Kwa hivyo mazishi yangefanyika nyumbani bila yeye. Hilo alilikubali. Jambo alilolitaka lilikuwa moja, amwone mume wake uso kabla hajaenda, aongee naye. Kwetu mjane huongea na mumewe kabla hajafunikwa, amweleze yaliyo moyoni, wamalizane. Mochari hakuweza kuingia, maana wazee walisema mjamzito haingii mahali pale. Mwenye ploti naye akakataa katakata jeneza kuingia kwake, akidai wapangaji watahama. Ikabaki njia moja: kupata uwanja wa manispaa ulio karibu, tufunge turubai, gari lisimame hapo asubuhi, watu wa mjini wasioweza kusafiri waage, na Nekesa aongee na mtu wake.

Uwanja ulihitaji kibali, wakati ule kama leo. Watu wa kwetu mjini walikuwa na chama chao cha kuzikana, na mwenyekiti alikuwa Mzee Makokha, mtu aliyeheshimika sana. Akanichukua, kwa kuwa nilisoma kidogo, tukaenda ofisi ya viwanja. Karani pale alikuwa Wafula, mtoto wa kijiji cha pili kutoka kwetu. Alitushika mikono yote miwili. Akatuuliza habari za nyumbani, mvua, mahindi, mpaka ng'ombe. Alipomsikia Mzee akieleza habari ya Barasa, alishika kichwa, na naapa machozi yalimlengalenga.

"Mzee, hiyo hakuna shida," akasema. "Nyinyi ni watu wangu. Endeleeni tu na mipango."

Mimi nikafungua mdomo. Nikauliza, "Na karatasi ya kuonyesha, tutaichukua lini?"

Mzee Makokha alinigeukia pale pale mbele ya karani. "Wewe mtoto, nani alikufunza tabia hiyo? Huyu ni mtu wetu. Ukimwomba mtu wako karatasi umemwambia ni mwizi. Karatasi ni ya wageni!" Wafula akacheka, akasema nisigombezwe, mimi bado ni mdogo. Tukatoka. Njia nzima Mzee akinihubiria kuwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Basi mimi nilisikia la mkuu, mwanangu. Guu lililovunjika lilikuwa la dada yangu.

Asubuhi ya kuaga tulifika uwanjani tukiwa wengi. Turubai lilikuwa limefungwa, akina mama wameanza nyimbo, na pikapu ya jeneza imeshatoka mochari. Nekesa alikuwa ameketi mbele kwenye kiti cha plastiki, ameshika tumbo, midomo inachezacheza. Alikuwa anapanga maneno yake. Ndipo lori likaingia, limepakwa rangi kali, na juu yake vijana wamevaa fulana za kampuni fulani ya sabuni. Walikuja kutangaza sabuni yao kwa muziki na kucheza, na nyuma yao askari wa manispaa.

Mkubwa wa askari akauliza, "Nani amewaruhusu hapa?"

"Ofisi imeturuhusu," Mzee Makokha akajibu kwa kujiamini.

"Karatasi?"

Yule wa sabuni alitoa yake, ina muhuri, ina tarehe ya siku ile na jina la uwanja. Mzee alitoa kitambaa akajipangusa jasho. Kijana akatumwa mbio kumwita Wafula, na kweli Wafula alikuja, lakini alikuja na bosi wake. Alitutazama kama mtu anayetafuta nyumba asiyoijua. Mzee akamwambia, "Mwanangu, waeleze ulivyotuambia."

Wafula akaangalia viatu vyake. "Mimi nilisema hakuna shida," akasema. "Sikusema nimewapa uwanja."

Unasikia hayo? Na hakudanganya! Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba ukiyapima maneno yake, hakudanganya hata kidogo.

Pikapu ilifika wakati turubai letu linafunguliwa. Tukaomba wafungue jeneza hapo kando ya barabara, dakika chache tu, mjane amwone. Askari akakataa, maiti haifunguliwi barabarani. Dereva naye akaanza kupiga honi, mawingu yalikuwa yamefunga upande wa nyumbani na kaburi lilikuwa wazi likisubiri. Muziki wa sabuni ulikuwa umeshawashwa. Nekesa akaenda nyuma ya pikapu, akaweka kiganja kwenye bati, akafungua mdomo. Sijui alisema nini. Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake na sikusikia hata neno, kwa kelele za spika. Gari likaondoka, mkono wake ukabaki hewani.

Usiku huo aliniuliza jambo moja tu: "Walimvika shati gani?" Mimi pia sikuwa nimemwona.

Wafula alikuja kwenye matanga, kilo ya sukari mkononi, "poleni sana" mdomoni. Mzee Makokha alimpa kiti cha mbele. Nilipokataa kumwekea chai niligombezwa tena, nikaambiwa damu ni nzito kuliko maji. Sawa, ni nzito. Lakini muhuri haupigwi kwa damu. Huyo Mzee alikufa bila kumwomba dada yangu msamaha, na mimi sijamsamehe, Mungu anajua, naye bado ananivumilia.

Sitakuambia watu wako ni wabaya. Wafula hakuwa mbaya. Alitupenda kweli kweli akiwa peke yake, halafu bosi akasimama kando yake. Mtu wako akiwa ofisini ni watu wawili, na hujui ni yupi atakayefika siku yako. Mgeni ungemwomba karatasi bila aibu, na ungeipata. Aibu tunaiweka kwa wale wetu, na hapo ndipo tunaumizwa.

Kwa hivyo kesho asubuhi utaenda kwa huyo cousin. Msalimie vizuri, uliza habari za mama yake, halafu umwambie akuandikie, apige muhuri, aweke na tarehe. Akinuna, mwache anune, itamwisha. Akisema humwamini, mwambie unamwamini lakini askari hamjui. Ukitoka hapo, pitia kituo cha polisi uwaarifu pia kwa barua, na wakiipokea wagonge muhuri kwenye nakala yako. Na mzee yeyote akikukemea kwa kudai karatasi, hata nikiwa ni mimi, mheshimu, mpishe njia, kisha uidai.

Enda sasa, mwanangu. Mungu akubariki na sauti ya kuimba, akujalie watu wako katika kila ofisi ya mji huu, na akupe uso mkavu wa kuwaambia, "Niandikie."