Meli Aliyofia Baba Yake Bi Zuhura

Iko siku moja siisahau, mwanangu, na nikiikumbuka damu bado inanichemka. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zimefunguliwa, kila kitu kinauzwa. Mimi, wa darasa la nne tu, ndiye kijana wa kwanza hapa kijijini Mbwera kununua boti ya mashine kwa jasho lake. Muulize yeyote.

Akaja mnunuzi wa chuma chakavu kutoka Dar, na mafundi wake na mitungi ya gesi ya kukatia. Anaitaka ile meli iliyolala kwenye matope ya mto wetu. Wakati wa vita vya Mjerumani ilikuwa ikihudumia manowari yake: inabeba makaa, vipuri na mafundi, mpaka Mwingereza akaichoma. Mwenyekiti wetu akagonga muhuri, eti mali ya Mzungu, haina mwenyewe. Nikawapakia.

Tulipofika tukamkuta Bi Zuhura na wajukuu zake ndani ya mtumbwi, wanasoma hitma. Baba yake alimwacha tumboni. Alikamatwa na Wajerumani kijijini Mtunda, akapelekwa kupakua makaa ya meli ile. Hakurudi, na kaburi hakuna. Kila mwaka wanamsomea pale.

Mnunuzi akacheka. "Bibi, chuma hakina maiti."

 Bi Zuhura akanigeukia mimi. "Na wewe, mwana wa Mwanaidi? Babu yako alikokota mashine za Wajerumani hao porini kwa kamba begani. Leo meli imekuwa ya Mzungu?"

Nikageuza boti, na mitungi yao na matusi yao. Wenzangu wenye boti wakanicheka, eti mjinga, wakawabeba wao. Mwezi haukwisha, meli ikakatwa yote, pale pakabaki maji.

Mwaka uliofuata nilimpeleka Bi Zuhura mwenyewe. Alitafuta pa kuelekea, hakupaona. Akaniambia nizime mashine. Akasoma huku maji yanatusukuma, na kila aya tunazidi kwenda mbali.

Ndiyo maana nawagombeza ninyi mnaotembeza wageni leo. Mnawahadithia habari za Mjerumani na Mwingereza, kama huku hapakuwa na watu! Sina haya kusema: mna vyeti, lakini hamna adabu. Mwanangu, kabla hujakiuza kitu, kabla hujakihadithia, uliza nani kakifia, kisha mtaje kwa jina lake na la kijiji chake.

Mungu akupe riziki isiyokanyaga kaburi la mtu, na siku yako ikifika, wanao wajue pa kusimama wakikusomea. Amin.