Mafundo kwenye Nyaya za Idi

Kama umekuja kutafuta hadithi, pita kwa jirani. Mimi nasimulia kitu kilichonipata mwenyewe, mchana kweupe, hapa Kasuku, mtaa wetu wa Kindu, ndani ya kibanda changu cha kutengeneza redio na televisheni. Mama yangu ni shahidi. Ukimwita mama yangu mwongo, hapo tutakosana mimi na wewe.

Wakati wa vita tulifungiwa humu Kindu. Treni haifiki, chumvi hakuna, na kwenda shamba ni kuuza roho. Mimi na mdogo wangu Idi tulikuwa vijana, na njaa tuliidanganya kwa kazi. Tulikuwa tumeokota kadi ya mchezo, lile bamba la umeme lililokuwa ndani ya mashine ya michezo ya picha ya baa moja iliyovunjwa, tukataka kulifungia kwenye televisheni ya baba. Nyaya za rangi tungezitoa wapi? Tulichuna waya wa simu ya zamani ya reli, wote mweusi. Basi Idi akabuni mafundo. Fundo moja njo waya wa hasi, mawili volti tano, matatu volti kumi na mbili, manne ule waya unaotuliza picha isikimbie. Alikuwa anafunga kwa mkono wa kushoto, mafundo yake yote yanalala upande. Alama hizo tulizijua sisi wawili tu, niamini.

Siku moja ilikuwa zamu yangu kwenda Mikelenge, kule kando ya mto, kutafuta sombe, majani ya muhogo. Nilikuwa nimeinamia televisheni, sitaki kuinuka. Nikamwambia, "Idi, nenda weye, mimi namalizia huku." Akacheka, akaitia kadi ndani ya mfuko wake, eti nisije nikaiunguza yeye hayuko. Akaenda.

Hakurudi. Wazee walipokuja kusema tukae matanga, mama aliwafukuza. "Munataka nilie nani? Mumeniletea maiti?" Mpaka leo hatujamlilia. Hata picha yake hatuna, maana nyumba iliporwa mpaka fremu za ukutani.

Sasa sikia. Mwaka jana, kiangazi, watu wametoka kuswali adhuhuri, mimi niko mezani na redio ya mtu. Muntu akaingia. Nina tabia mbaya ya mafundi wote: mteja simtazami, natazama alichokileta. Nikaona mkono unaweka bamba mezani, vibonyezo vya kuchezea vinaning'inia kwa nyaya zake. Mkono ulikuwa umelowa, na mvua hatukuiona mwezi mzima.

"Yaya, unifungie picha na umeme."

Hapa kwetu kila kijana anakuita yaya, kaka mkubwa. Sikushtuka. Nikavuta kile kisanduku cha kompyuta kinachotoa volti tano na kumi na mbili, nikakichomeka pamoja na televisheni ya kibandani kwenye konvertisa, ile mashine ya kugeuza umeme wa betri, na konvertisa kwenye betri ya sola. Nikashika waya wa kwanza wa bamba. Mweusi, una fundo. Wa pili, mafundo mawili. Yamelala upande.

Ayi! Mafundo ya Idi!

"Hii umeitoa wapi?"

"Si unaijua, yaya?"

Sauti ya kijana kabisa. Idi angekuwa na mvi kama mimi! Wallahi nilitaka kuinua macho, shingo ikakataa. Ningekimbia? Yeye ndiye aliyesimama mlangoni. Mikono yangu ikaendelea yenyewe, moja kwa hasi, mawili kwa tano, matatu kwa kumi na mbili, kama imetumwa. Picha ikaja, lakini inakimbia kwenda juu.

"Ya mafundo mane umeisahau," akasema.

Risasi ya kulehemu ilikuwa imeniishia. Nikaubana ule waya kwa vidole nyuma ya televisheni, picha ikatulia. Akavuta vibonyezo, akaanza kucheza. Akacheka. Ndugu yangu, kicheko hicho nilikuwa sijakisikia tangu vita, na machozi yalinimwagika hapohapo.

"Idi," nikasema, "mama iko muzima. Ngoja mama."

Akaacha kubonyeza. "Mama iko? Basi namungoja. Lakini usiache huo waya, yaya."

Nikapiga kelele kwa jirani, muuza maandazi, "Niletee mama, upesi, usiulize!" Nikamsikia anakimbia. Nyumba yetu si mbali, lakini mama anatembea kwa fimbo. Na ile konvertisa ikaanza kulia, pii, pii, betri inakufa. Ungefanya nini? Nikanyoosha mguu nikachomoa feni. Nikachomoa taa. Ikaendelea kulia. Mkono mmoja umeshika waya, na mimi nimeinama pale nyuma ya televisheni kama mwizi aliyekamatwa, namwomba Mungu dakika tano tu. Yeye anacheza, anacheka, hana habari.

Mara nikasikia fimbo ya mama njiani. "Mama, kimbia!" nikapaza sauti. Fikiria, namwambia bikizee akimbie! Alikimbia. Nilisikia fimbo ikianguka, nikasikia miguu yake. Konvertisa ikapiga mlio mmoja mrefu, picha ikawa nukta, ikazimika.

Mama akaingia anahema. Kibandani niko mimi peke yangu. Vibonyezo vimelowa maji.

"Iko wapi?" akauliza. "Nimemusikia anacheka. Idi iko wapi?"

Nilikaa chini nikalia.

Bamba liko hapa, njoo ulione. Nimelifunga mara ngapi, kwa betri mpya, na mafundo yote mahali pake: ni mchezo tu, unaimba peke yake. Mama anakuja kila siku baada ya adhuhuri, anakaa kwenye kigoda, na swali lake ni lilelile. Uso wake ulikuwa namna gani? Amekonda? Alikuwa na ndevu? Kovu la paji liko? Na mimi niliyekaa naye karibu nusu saa, mkono kwa mkono, sijui. Nilikuwa natazama waya.

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, fundi ama si fundi, muntu akiingia kwako inua macho kwanza, hata kama unaogopa. Mimi leo mama ameniuliza tena, na nimeinama juu ya kazi yangu nikajifanya sijasikia.